Zulia la pichani si zulia la kwenye kiroba: nilivyorudisha mzigo wa mtandaoni kutoka Mwanza hadi Kariakoo

NyegeziKwetu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi ni mrefu, asiye na muda ashuke moja kwa moja kwenye maoni ya wadau.

Nilikuwa natafuta zulia la sebuleni. Kuna ukurasa mmoja Instagram unajitambulisha kama duka la Kariakoo, wafuasi kibao, kila siku wanaposti watu wanapokea mizigo. Wakaweka zulia la manyoya, kijivu limechanganyika na krimu, futi 7 kwa 10. Kwenye picha sofa la kona lote limekaa juu ya zulia na bado sehemu kubwa imebaki mbele, halafu kuna picha ya pili, mkono wa mwanamke umezama kwenye manyoya mpaka vidole havionekani. Hiyo picha ya mkono ndiyo iliyoniuzia. Bei 260,000, nauli ya basi 15,000 juu yangu, unalipa kwanza na mzigo unaondoka jioni ile ile.

Mzigo ukafika stendi ya Nyegezi. Nikaupokea dirishani nikashangaa naweza kuuweka begani na kutembea nao. Waliowahi kubeba zulia la manyoya la ukubwa ule wanajua hilo haliwezekani, lile unaitiwa kijana wa toroli.

Nilichofanya baada ya pale ndicho ninachotaka mkisome kwa makini, kwa sababu ndicho kilichonirudishia hela.

Sikukata kamba kwanza. Nilimpa mdogo wangu simu arekodi video moja isiyokatika: anaanza na karatasi ya basi iliyobandikwa kwenye kiroba, yenye jina langu na tarehe, anaonyesha fundo bado limefungwa, ndipo nikakata. Tukalitandaza. Manyoya yale hayakuwa manyoya, yalikuwa kama kapeti la kawaida lililochapwa mchoro juu. Nikasimamisha rula ya shule ya mtoto katikati ya zulia, kamera karibu kabisa: hayafiki sentimita moja. Nikapima na tepu ya fundi: sentimita 200 kwa 290. Nikapitisha mkono juu kama yule dada wa kwenye picha, kucha zote zinaonekana.

Halafu nikalikunja na kulirudisha kwenye plastiki yake. Hakuna aliyelikanyaga. Wife alitaka tulitumie wakati tunabishana nao, nikamwambia tukilitumia hata siku moja tumeshapoteza kesi.

Kabla sijamwandikia muuzaji neno lolote nilichukua skrinshoti za tangazo: jina la ukurasa, picha zote mbili, maelezo, bei, na mazungumzo yetu ya WhatsApp kuanzia salamu mpaka ujumbe wa malipo. Mpangilio huu una maana. Ukianza na malalamiko, ukirudi kutafuta posti hukuti kitu.

Ndipo nikamwandikia hivi, nanakili kama ulivyo:

"Habari za leo dada. Zulia nimelipokea leo hapa Mwanza. Uliyotangaza ni manyoya marefu, lililofika ni la kuchapwa na manyoya hayafiki sentimita moja, video hii hapa. Silikubali. Halijatumika, lipo kwenye plastiki yake. Naomba unirudishie 260,000 pamoja na nauli 15,000. Niambie niurudishe mzigo kwa basi gani na kwa jina la nani."

Jibu la kwanza: "Mpendwa, ni mwanga tu wa kamera." La pili: "Mali ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa juu kabisa kwenye ukurasa wetu." La tatu ndilo lililonichekesha: "Kwa bei hiyo ni zile za kawaida. Kama unataka orijino kama ya pichani ongeza 80,000 tubadilishe." Yaani picha ni ya orijino, bei ni ya kawaida, na mteja anatakiwa aote.

Sikumtukana. Nikamwambia hilo jibu lake la tatu limekiri kwamba aliyotangaza na aliyotuma ni bidhaa mbili tofauti, na nimelitunza. Hapo akabadilika: "Ngoja niongee na mwenye duka."

Kumbe hana duka. Nikarudi kuangalia kiroba, nikakuta kimeandikwa kwa maka peni jina la duka na namba ya stoo. Nikamtuma binamu yangu yupo Ilala, akaenda mpaka pale Kariakoo na ile video. Mwenye duka mwenyewe mstaarabu tu. Akasema zulia ni lake, picha si yake na hajawahi kuiona, na kwake lile zulia linauzwa 140,000. Akamwambia binamu, likirudi safi nalipokea na namrudishia yule dada hela yake, mambo yenu mengine mmalizane wenyewe.

Nikalituma. Mwenye duka akapokea. Yule dada akanirudishia 260,000, kwa maneno makali kidogo lakini akarudisha. Nauli ya kuja na ya kurudi, jumla 30,000, amegoma. Anasema usafiri si biashara yake.

Swali langu kwa wadau: hiyo 30,000 ni ya nani?

KijikoChaSupu

Nimeweka kiti karibu na muuza kahawa. "Mteja anatakiwa aote" 😂😂

MzigoWaMama

Mimi ni muuzaji wa mtandaoni, naomba mnisikilize kabla hamjanirushia mawe.

Wengi wetu hatuna stoo. Wenye maduka ya jumla wana magrupu ya WhatsApp, wanatupia picha na bei, sisi tunachukua picha, tunaweka cha juu, tunaposti. Mteja akilipa ndipo tunakwenda kuchukua mzigo. Kuna ambao hawaendi hata dukani, wanapiga simu tu kijana wa stoo anafunga na kupeleka basi. Kwa hiyo mtu anayekujibu "ni mwanga wa kamera" mara nyingi hilo zulia hajawahi kuligusa kwa mkono wake. Picha zenyewe nyingi zimetoka kwenye magrupu ya viwanda vya China, zinapigwa studio kwa ile bidhaa ya daraja la juu, halafu zinatumika kuuzia madaraja yote ya chini.

Hilo la dada huyu silitetei. Kaka amedhulumiwa.

Ila na nyie wateja muwe wakweli. Nimeuza gauni limekwenda kwenye sendoff Jumamosi, Jumatatu linarudi "halifanani na picha", lina alama ya poda shingoni na harufu ya udi. Viatu vinarudi soli ina mchanga. Ndiyo maana watu wanaandika mali ikishauzwa hairudishwi. Halikuanza kwa ajili yenu waungwana.

Na kuhusu vipimo, hapo mwenye uzi msamehe. Futi 7 kwa 10 kamili ni kama sentimita 213 kwa 305. Viwandani haya mazulia yanatoka kwa sentimita, 200 kwa 290 au 200 kwa 300, sisi tunaita 7 kwa 10 kwa sababu ndivyo wateja wanavyouliza. Hata 5 kwa 8 ukipima utakuta 160 kwa 230. Ukibishana kwa kipimo utashindwa dukani, utaambiwa ndivyo soko lilivyo. Bishana kwa manyoya.

NyegeziKwetu

Dada nashukuru, hilo la vipimo sikulijua. Lakini kama ni sentimita 200 kwa nini msiandike sentimita 200?

MzigoWaMama

Kwa sababu mwenzangu wa ukurasa wa pili ameandika futi 7, mteja ataniona mimi nina dogo.

Sheria_Mtaani

Mkuu NyegeziKwetu, kwenye hii nchi suala lako lina majibu ya zamani kuliko Instagram.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliirithi kutoka kwa Waingereza, na yao ni ya mwaka 1893. Inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, basi lazima ilingane na maelezo. Ukinunua bila kuiona, kwa kutegemea tangazo, umenunua kwa maelezo. Muuzaji akiandika "manyoya marefu" na kuweka picha ya mkono umezama, hayo ndiyo maelezo. Haijalishi ana stoo au hana, haijalishi picha kaipata wapi. Wewe uliingia mkataba na yeye, mwenye duka ni mtu wake.

Sasa sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi aliyeikataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha yeye mwenyewe kwa muuzaji. Inatosha amjulishe kwamba ameikataa. Yaani neno lako "Silikubali" kwenye WhatsApp lilikuwa na uzito kuliko ulivyodhani. Kuanzia pale jukumu la kuja kuchukua mzigo lilikuwa lake. Kwa hiyo 15,000 ya kurudisha ni yake. Ile ya kuja ni hasara iliyotokana na yeye kuvunja mkataba, nayo unayo haki ya kuidai.

Lakini mke wako angeshinda ule ubishi mngekuwa pabaya. Ukiitumia bidhaa kama mwenye mali, au ukikaa nayo muda mrefu bila kusema kitu, unahesabiwa umeikubali. Baada ya hapo unaweza kudai fidia ya tofauti ya thamani, ila kuirudisha basi tena.

Na lile tangazo la mali ikishauzwa hairudishwi mlitofautishe. Umenunua zulia la kijivu, umefika nyumbani ukaona bora lingekuwa la kahawia: hapo ni kubadili mawazo, na duka lina haki ya kukataa. Umetangaziwa kitu A ukapewa kitu B: hilo tangazo halimpi mtu kibali cha kukupa B.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo ina sehemu yake ya kumlinda mlaji anayenunua mtandaoni. Na madai ya kiasi hiki ni saizi ya Mahakama ya Mwanzo, unajieleza kwa Kiswahili chako, huhitaji kukodi wakili.

Mzee_wa_Busara_Kidogo

Kwa elfu 30 aende mahakamani? Nauli ya kwenda kusikiliza kesi tu imeisha.

Sheria_Mtaani

Mzee wangu, sijasema aende. Nimemjibu swali aliloliuliza, hela ni ya nani.

DogoJanja_wa_Sinza

Wakuu mnazunguka sana. Ukishaona umepigwa, unapiga simu kwa watoa huduma haraka unasema umekosea namba, muamala unazuiwa. Kwisha habari.

Wakala_Buguruni

Dogo, usiwape watu ushauri wa kuwaletea matatizo. Mimi nina kibanda cha miamala. Kurudisha muamala ni kwa aliyekosea namba kweli. Wewe umetuma kwa namba uliyopewa, jina limetokea, ukathibitisha kwa namba ya siri, na kuna mazungumzo ya WhatsApp yanaonyesha ulikuwa unalipia zulia. Ukisema umekosea unadanganya, na aliyepokea akipeleka hayo mazungumzo, aliyekuwa na haki anageuka mtuhumiwa. Na mara nyingi hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia.

Jambo la kuangalia ni kabla ya kulipa. Duka lenye jina fulani, halafu namba ya malipo inaleta jina la mtu binafsi lisilohusiana, uliza ni nani. Lipa namba ya biashara ina afadhali, angalau kuna mtu aliyejisajili kama mfanyabiashara. Na omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wengi watakwambia bei ya risiti ni nyingine, hilo nalo ni jibu, unajua unashughulika na nani.

Shosti_wa_Mbezi

Mimi siku hizi silipi kabla. Nipo Dar, namwambia muuzaji mzigo uje na bodaboda, nauli yake nalipa kwa hali yoyote, bidhaa nalipa nikishaiona. Akikataa nampita. Shida ni nyie wa mikoani, basi halisubiri mtu afungue kiroba.

NyegeziKwetu

Ndiyo hapo dada. Dirishani pale unasaini kwanza ndipo unapewa. Nikasema niombe kufungua, yule kijana akaniangalia kama nimetukana.

Mkenya_Mpole

Habari ndugu zangu, nawasoma kutoka Nairobi. Hii kitu huku iko pia, watu wanaiita "nilivyoagiza na nilivyoletewa", ni picha mbili kando kando na watu wanacheka. Lakini kuna wenye hawacheki. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na habari za kweli, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inayokataza kusema bidhaa ni ya kiwango fulani na si hivyo. Halafu kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kazi 2021 pale Milimani, inasikiza madai hadi shilingi milioni moja na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60. Hauhitaji wakili. Wauzaji wakisikia hiyo mahakama huwa wanapata adabu haraka, hata kabla hujajaza fomu.

Na hiyo sheria ya kuuza kwa maelezo ndugu ameitaja, sisi pia tuko nayo, ilitoka kwa mkoloni yule yule.

Leicester_Swahili

Huku Uingereza ukinunua mtandaoni kwenye duka una siku 14 tangu mzigo ufike kusema huutaki, hata bila sababu. Kama haufanani na tangazo una siku 30 za kuukataa na kurudishiwa hela yote. Lakini hayo ni kwa mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza zulia lake la zamani, zile siku 14 huzipati. Nawaambia kwa sababu ndugu zetu wengi wanapotuagiza vitu vya mtumba mtandaoni wanadhani kila kitu Ulaya kinarudishwa.

Fundi_Pazia

Mimi nina mbinu moja ya picha. Hifadhi picha ya tangazo, ipitishe Google Lens. Ukiikuta picha ile ile kwenye kurasa ishirini za nchi tofauti, zenye majina na bei tofauti, jua huyo muuzaji hakuipiga yeye. Haimaanishi ni tapeli, dada MzigoWaMama ameshaeleza. Inamaanisha picha hiyo si ushahidi wa mzigo utakaoletewa.

Hapo mwambie akutumie video, zulia liko dukani, limetandazwa au hata limekunjwa, na karatasi juu yake imeandikwa jina lako. Asiye na mzigo atakutumia maneno mengi. Mwenye mzigo anapiga video nusu dakika anaendelea na kazi.

MzigoWaMama

Kweli. Na mimi nikiombwa video ndipo na mimi mwenyewe nakwenda kuliona zulia 😅

Mzee_wa_Busara_Kidogo

Mimi bado nasema mwenye uzi amepata, ashukuru. 260,000 imerudi, watu wamepoteza milioni na kurasa zimefutwa. Unamfuata mtoto wa mtu kwa elfu 30 mpaka lini? Yule dada alipata faida 120,000, imepotea yote, na mwenye duka pengine hatampa mzigo tena. Ameshaadhibiwa.

Shosti_wa_Mbezi

Baba, faida ya uongo ikipotea hiyo si adhabu, hiyo ni hesabu kurudi sawa. Adhabu ni hiyo elfu 30.

Sheria_Mtaani

😂 Nimeshindwa kuongeza.

NyegeziKwetu

Wakuu, mrejesho. Nilimtumia yule dada ujumbe mfupi, nikamweleza kile kipengele cha kutolazimika kurudisha mzigo, bila vitisho. Nikamwambia ya kurudisha ni 15,000 na ninaidai hiyo tu, ile ya kuja nimeachia. Amejibu leo asubuhi, ananiletea ofa ya vizulia viwili vya mlangoni badala ya hela. Picha yake nimeiona, manyoya marefu vile vile, mkono ule ule.

KijikoChaSupu

MKONO ULE ULE 😂😂😂 huyo dada wa mkono ana kazi nyingi

NyegeziKwetu

Nimekataa, nimemwambia nataka hela. Ameniambia mwisho wa wiki. Ikija nitasema hapa hapa, isipokuja napeleka lalamiko kwa Tume, karatasi zote ninazo.

Bibi_Harusi_Morogoro

Samahani kwa kuingilia uzi. Na mimi nimelipenda zulia kwenye ukurasa mwingine, muuzaji amekubali kupiga video ila ameonyesha juu tu, manyoya yanaonekana mazuri. Nilipe?

MzigoWaMama

Bado mdogo wangu. Mwambie aligeuze akuonyeshe mgongo, halafu akunje pembe moja kwa nje mbele ya kamera. La manyoya kweli likikunjwa mashina yanaachana unaona mizizi ilivyoshonwa. La kuchapwa linakunjika kama karatasi nene na rangi nyeupe inatokea kwenye mkunjo. Na mwulize uzito wake kwa kilo, kisha mwambie auandike kwenye ujumbe.